Jeshi Lisilo na Bohari: Kuisoma Upya Kinjeketile kutoka Umwe

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuijadili tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa kuuliza swali moja ambalo, kwa kadiri nilivyosikiliza katika semina zetu, halijapewa nafasi yake: nani alilivisha jeshi? Najua wapo watakaosema, "Ndugu, swali gani hilo? Sisi tunafanya fasihi, siyo hesabu za stoo." Nawaomba wanivumilie. Swali hili sikulitoa kitabuni. Nililipata nyumbani Umwe, pale Ikwiriri, siku tulipoigiza tamthilia hiyo mbele ya watu wa kwetu, na watu wakacheka mahali ambapo hapakuwa pa kuchekea.

Nieleze kidogo. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliamua tuigize Kinjeketile mwisho wa muhula, na wazazi wakaalikwa. Kazi ya kutafuta mavazi tukagawana. Upande wa Wajerumani haukutupa taabu hata kidogo. Kaptula za kaki tulikuwa nazo wenyewe, mashati na mikanda tuliazima kwa mgambo, na seremala mmoja alituchongea bunduki nane za mti, akazipaka rangi nyeusi mpaka ukiziona kwa mbali unaweza kukimbia. Upande wa Wamatumbi ndiko kulikokuwa na kasheshe. Hakuna aliyejua walivaa nini. Mwisho tukavua mashati, tukafunga makuti kiunoni, tukajipaka majivu usoni. Mikuki yetu ilikuwa fito.

Basi ikafika vita. Askari wamejipanga, kaki zimepigwa pasi, bunduki zimeelekezwa. Sisi tukatoka nyuma ya pazia na makuti yetu, tunapiga kelele za maji, maji. Kijana mmoja akagonga debe kuwa ndiyo risasi. Tukaanguka. Ukumbi mzima, watoto kwa wazee, ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimelala chali natazama dari, nawasikia watu wa Rufiji wakiwacheka wazee wao wenyewe waliokufa kwa risasi.

Usiku ule bibi yangu akaniambia, "Mume wangu, mmecheza vizuri. Lakini wale watu mmewavisha makuti kwa nini? Wazee walikuwa na nguo. Na bunduki walikuwa nazo. Vitu vilikuja kwa njia ya Kilwa." Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Hoja yangu ni hii. Vita vinavyozungumzwa katika tamthilia ni vya 1905, lakini majeshi yaliyokutana humo yalitengenezwa katika karne ya 19. Moja lilivishwa katika miaka hiyo. Jingine, katika miaka hiyo hiyo, lilivuliwa. Tamthilia inatuonyesha vizuri sana matokeo ya kuvuliwa huko, lakini inanyamaza kuhusu namna kulivyofanyika. Sisi wahakiki na waigizaji tumeujaza ukimya huo kwa makuti.

Wahakiki wanasema nini

Katika madarasa yetu Kinjeketile husomwa kwa njia tatu. Wapo wanaosisitiza dhamira ya umoja: kwamba maji yaliyaunganisha makabila yaliyokuwa yametengana. Wapo wanaoshika dhamira ya imani na udanganyifu: je, Kinjeketile aliamini aliyoyasema, au alijua kuwa maji hayana nguvu? Na wapo wanaoichukua tamthilia kuwa ni mgogoro wa mtu na wazo lake, kwamba wazo likishatoka kinywani mwa mwenyewe huwa la watu, na halirudishiki tena. Njia hii ya tatu inapata nguvu katika onyesho la mwisho, pale Kinjeketile akiwa mikononi mwa Wajerumani anapokataa kukana kwamba maji yana nguvu.

Sikatai hata moja kati ya hizo. Zote zina ushahidi ndani ya matini. Ila zote zina kasoro moja inayofanana: zinaanza na kichwa. Umoja, imani, wazo, yote ni mambo ya kichwani. Hakuna anayeanza na mgongo unaohitaji nguo, tumbo linalohitaji chakula, wala mkono unaohitaji baruti. Kwa watu tunaojidai kuwa tumefundishwa kuangalia uchumi nyuma ya itikadi, hili ni jambo la kushangaza kidogo.

Jeshi haliendi kwa itikadi peke yake. Jeshi ni bohari. Kuna mtu ananunua jora, mtu anashona, mtu analipa, mtu anabeba mzigo kichwani kutoka pwani mpaka bara. Ukimjua mlipaji, umemjua mwenye jeshi.

Jeshi lililovishwa

Tuchukue mfano wa Unguja kwanza, kwa sababu pwani yetu hii ya Kilwa na Rufiji ilikuwa chini ya bendera ya Sultani. Mwaka 1877 Seyyid Barghash alimkabidhi luteni wa Jeshi la Maji la Kiingereza, Lloyd Mathews, kazi ya kuunda jeshi jipya la mtindo wa Kizungu. Askari wakavishwa kofia nyekundu, vijikoti vifupi na suruali nyeupe. Bunduki zao zilikuwa Snider, na serikali ya Uingereza ilichangia kuzitoa. Kwa jina jeshi lilikuwa la Sultani. Sasa tazama mwisho wake. Agosti 27, 1896, Khalid bin Barghash alipojitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, manowari zilipiga jumba la mfalme kwa mizinga, na askari wa Kizanzibari kama 900 hivi wakasimama upande wa Waingereza pamoja na Mathews huyo huyo, ambaye kwa wakati ule alikuwa Waziri wa Kwanza. Vita vilikwisha chini ya saa moja. Mwana wa yule aliyeagiza jeshi livishwe akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na jeshi likabaki kwa wenye bunduki.

Upande wa Mrima na kusini habari ni hiyo hiyo, ila mlipaji ni mwingine. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani. Kampuni ilishindwa kabisa. Kilwa maofisa wake wawili waliuawa mwezi Septemba. Ndipo Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2, na Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuunda jeshi. Hakulitafuta hapa. Alikwenda Kairo akaajiri Wasudani takriban 600 waliokuwa wameachishwa kazi katika jeshi la Misri, na kutoka Msumbiji wakaletwa watu ambao hapa pwani waliitwa Wazulu. Wasudani walifika na wake zao na watoto. Walipewa bunduki za Mauser za modeli ya 1871 na nguo moja kwa wote. Desemba 15, 1889, Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Mei 1890 Kilwa ikatwaliwa. Machi 1891 jeshi hilo likafanywa rasmi kuwa jeshi la dola katika koloni, na askari wake wakaja kujulikana kwa kaki na tarbushi yenye bamba la tai mbele.

Nawaomba wenzangu tuiangalie sare hii kama tunavyoangalia ishara yoyote katika kazi ya sanaa. Inafanya kazi tatu. Kwanza, inafuta ukoo: Msudani, Msomali, Mnyamwezi na Mswahili wakiivaa wanakuwa kitu kimoja machoni pa mtazamaji. Pili, inampa aliyeivaa ujasiri, kwa maana anajua nyuma yake kuna anayemlipa na kumlisha. Tatu, inamtisha anayeitazama hata kabla bunduki haijalia. Shikeni kazi hizo tatu. Tutazikuta tena mahali pasipotarajiwa.

Jeshi lililovuliwa

Sasa tuje kwa wazee wetu. Picha ya mtu wa makuti na fito haitokani na historia ya kusini. Kilwa ilikuwa lango la misafara mikubwa. Pembe na watumwa walishuka, nguo, shanga na baruti zikapanda. Merikani, kile kitambaa kilichopata jina lake kwa kutoka Marekani, ilikuwa ni fedha kamili: mtu aliposema amelipwa, alimaanisha amepimiwa mikono kadhaa ya nguo. Kaniki ilivaliwa pwani na bara. Na pamoja na nguo zilikuja bunduki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha za moto zinazoingia Afrika Mashariki kwa mwaka ni baina ya 80,000 na 100,000. Hata tukitoa nusu kwa hofu ya balozi, zinazobaki si haba. Bibi yangu hakuwa anatunga.

Kwa hiyo swali si kwa nini wazee hawakuijua bunduki. Waliijua vizuri. Swali ni: zilikwenda wapi?

Jibu moja liko Brussels. Julai 2, 1890, mataifa ya Ulaya na wenzao yalitia saini mkataba mkubwa wa kupinga biashara ya utumwa. Ndani yake mliwekwa vifungu vya silaha: katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, ikapigwa marufuku kuwauzia wenyeji bunduki za kisasa na risasi zake. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa wa gobori na baruti ya kawaida, tena kwa kibali na usimamizi wa serikali. Kwa jina mkataba ulikuwa wa kumlinda Mwafrika asiuzwe. Kwa vitendo ulihakikisha kuwa Mwafrika wa kaki ana Mauser na Mwafrika wa kaniki ana gobori, na fataki za gobori hilo azinunue kwa ruhusa ya yule anayetaka kupigana naye. Miaka 15 baadaye ndipo maji yanatoka Ngarambe.

Atatokea mtu aseme: mbona Wahehe waliwapiga Wajerumani? Ni kweli, na mfano wao unaithibitisha hoja yangu. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Zelewski njiani, wakauangamiza, wakachukua bunduki kama 300 na mizinga 3. Bohari ya Mkwawa ilikuwa mgongoni mwa adui yake. Lakini bohari ya namna hiyo haijazwi tena. Ukiiteka Mauser unapata na risasi zilizokuwamo mifukoni, basi. Kiwanda hukukiteka. Ngome ya Kalenga ilianguka 1894, na Mkwawa akajiua 1898 akiwa anawindwa porini.

Wajerumani wenyewe walilijua hilo vizuri zaidi kuliko sisi wahakiki. Vita vya Maji Maji hawakuvimaliza kwa bunduki peke yake. Walichoma maghala, wakachukua mbegu, wakazuia watu kulima. Idadi ya waliokufa iliyotolewa na serikali yao ni 75,000. Mwanahistoria Gwassa, yeye mwenyewe mtu wa kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao aliwaua njaa. Mtu anayetaka kulishinda jeshi hulipiga tumboni.

Kurudi kwenye tamthilia

Tukiwa na hayo mkononi, tuifungue Kinjeketile upya. Inaanzaje? Haianzi na Kinjeketile, wala na mashujaa. Inaanza na wanawake wawili, Bibi Bobali na Bibi Kitunda, wanaozungumza juu ya uhaba wa chakula, huku waume zao wamechukuliwa kwenda kulima shamba la Bwana Kinoo. Katika mitihani yetu hawa huandikwa "wahusika wadogo", wakapewa mistari miwili: wanaonyesha hali ngumu ya maisha. Mhusika mdogo! Hawa ndio bohari ya jeshi lote litakalokuja. Hussein ameiweka bohari jukwaani kabla ya jeshi, na ameionyesha ikiwa tupu. Hii ni fani ya hali ya juu, nasi tunaipita mbio kwenda kumtafuta shujaa.

Tazama pia mikono ya wanaume iko wapi. Iko katika shamba la mwingine. Kihistoria, kodi ya nyumba ilianza kukusanywa 1898, na kuanzia 1902 serikali ikawalazimisha watu wa vijijini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa malipo madogo ambayo wengine waliyakataa kwa hasira. Julai 1905 vita vilipoanza kule Nandete, kitendo cha kwanza kilikuwa kung'oa miche ya pamba. Mtu anayevaa kaniki aliyoinunua kwa shida alikuwa anamlimia mwenzake malighafi ya nguo. Sisemi kwamba pamba ya Umatumbi ndiyo iliyofumwa kaki ya askari, silo ninalodai. Nasema kwamba kazi ile ile iliyotoa kodi na pamba ndiyo iliyolibeba gharama za dola iliyolivisha jeshi. Mlipaji wa karibu kabisa wa ile kaki alikuwa mume wa Bibi Bobali.

Katika hali hiyo ndipo Kinjeketile anapotoka majini na dawa. Sasa zikumbukeni zile kazi tatu za sare. Maji yanafuta ukoo: Mmatumbi, Mrufiji na Mngindo wakinyunyiziwa wanakuwa kitu kimoja. Maji yanampa mtu ujasiri, kwa maana anaamini nyuma yake kuna aliye mkubwa kuliko yeye. Maji yanatisha: jina lake tu lilitangulia mbele ya wapiganaji. Na yana sifa moja ambayo kaki haikuwa nayo. Hayanunuliwi kwa kibali cha mtu. Hayapiti forodhani. Hayahitaji jora wala meli, na mkataba wa Brussels hauyagusi. Rufiji inatiririka bure.

Kwa hiyo kwa mtazamo wangu kuyaita maji "imani potofu" ni kusema nusu ya jambo. Maji ni sare na risasi za watu waliofungiwa duka. Ni jibu la ugavi kwa tatizo la ugavi. Kwamba halikutosha, hilo tunalijua. Pale Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905 bombomu zilitoa jibu lake. Lakini halikuwa jibu la mjinga. Lilikuwa jibu la mtu aliyepiga hesabu akaona kila kitu kimefungwa isipokuwa kisima. Hata mgogoro wa Kinjeketile na Kitunda unasomeka vizuri zaidi hivi. Kinjeketile anataka watu wangoje, Kitunda anakabiliwa na wapiganaji wasioweza kungoja. Wengi wetu huona hapo tofauti ya tabia: mmoja mwenye hekima, wengine wenye pupa. Mimi naona tumbo. Jeshi linalolishwa na Bibi Bobali halina akiba ya kungojea. Kaki inaweza kukaa kambini mwaka mzima, inalipwa. Kaniki ikikaa mwezi mmoja, shamba limeota magugu.

Kasoro ya tamthilia

Baada ya kusifu, sasa nikosoe. Nadhani Hussein ametuachia pengo, na pengo lenyewe lina gharama.

Tamthilia inaonyesha watu wasio na silaha wakikabili watu wenye silaha. Hiyo ni kweli ya 1905. Lakini haituonyeshi kwamba hali hiyo ilitengenezwa, na ilitengenezwa ndani ya umri wa wahusika wenyewe. Kitunda kama mtu mzima wa 1905 angekuwa kijana wakati misafara bado inapanda na baruti kutoka Kilwa. Angewakumbuka waliokuwa na bunduki. Mwaka 1895, miaka 10 tu kabla, Wajerumani walimnyonga Kilwa Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara mkubwa wa misafara aliyewapiga vita kwa bunduki. Hussein ni mzaliwa wa Kilwa. Mwembe wa Makunganya haukuwa mgeni kwake. Kumbukumbu hiyo siisikii katika vinywa vya wahusika wake. Matokeo yake ni kwamba uwezo wa Mjerumani unaonekana kama hali ya dunia, kama mvua au jua, na udhaifu wa Mmatumbi vilevile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma peke yake huko Kibiti au Mohoro atakifunga kitabu akidhani kwamba babu yake alikutana na bunduki kwa mara ya kwanza siku aliyopigwa nayo.

Tulinganishe na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Hemedi aliyaishi mambo ya 1888 na 1889. Watu wake wa Mrima wanapigana kwa bunduki na baruti, na wanashindwa na nguvu iliyowazidi. Msomaji wa utenzi ule haoni watu wa enzi mbili wakikutana. Anaona majeshi mawili ya enzi moja, moja likiwa na hazina nene zaidi. Kushindwa kwao kunauma, hakuchekeshi.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimekwisha kupewa na mwenzangu mmoja tulipokuwa tunabishana kantini. "Tamthilia siyo somo la historia. Hussein mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu." Naam, na tahadhari hiyo naiheshimu. Msanii ana haki ya kuchagua. Tena kitabu kilitoka 1969, wakati taifa likihitaji zaidi kusikia habari ya umoja kuliko habari ya fataki. Lakini haki ya kuchagua haifuti haki ya mhakiki kuuliza kilichoachwa kimemgharimu nani. Kwetu Umwe kilitugharimu kicheko. Na mtu asiniambie kuwa kicheko kile kilitokana na ushamba wa watazamaji. Watazamaji waliona walichoonyeshwa: watu wa makuti wakikimbilia bunduki. Nani asingecheka?

Nikubali pia kwamba kosa kubwa lilikuwa letu. Sikumbuki mahali matini inaposema makuti. Tuliyatoa wapi basi? Tuliyatoa katika picha za vitabu vya shule, katika ngoma za kukaribisha wageni wa serikali, ambako "mambo ya asili" maana yake ni kuvua shati. Karne nzima baada ya Brussels, sisi wajukuu tulimaliza kazi: tuliwavua wazee hata kile kitambaa walichokuwa wamebaki nacho. Na kaki? Kaki hatukuhitaji hata kuitafuta. Ilikuwa imeshatuvaa, kuanzia shule mpaka mgambo. Ile kazi ya tatu ya sare, ya kumtisha anayeitazama, bado inafanya kazi.

Hitimisho

Mhakiki anayebomoa bila kupendekeza ni hasara, kwa hiyo nitoe mapendekezo mawili.

La kwanza ni kwa waigizaji. Ukiigiza Kinjeketile, wavishe Wamatumbi kaniki na merikani kuukuu. Wape baadhi yao gobori, na umwonyeshe mmoja akilitikisa pembe la baruti kusikiliza kama kumebaki kitu. Hutabadili hata neno moja la Hussein. Lakini mtazamaji ataelewa mara moja kwamba watu hawa walikuwa nacho, wakanyang'anywa, na kwamba maji yanakuja mahali pa kitu kilichoondolewa.

La pili ni kwa wahakiki wenzangu, na mimi nikiwemo. Tunapofundishwa kutafuta dhamira, tusiishie kwenye yale wahusika wanayoyaamini. Tuulize pia wanakula nini, wanavaa nini, na nani analipa. Bibi Bobali na Bibi Kitunda wamekaa pale mwanzoni mwa kitabu tangu 1969 wakingoja tuwaulize.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani likizo. Shule ile bado inaigiza Kinjeketile, na mwalimu mpya aliniomba nisaidie. Nilikwenda kwa bibi kuazima kaniki. Alifungua sanduku lake, akatoa mbili, akazikung'uta vumbi. "Zirudi," akasema, "na zisiingie damu yenu ya rangi." Tuliwavisha vijana. Ilipofika zamu ya debe, wakaanguka na kaniki zao na magobori yao ya mti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nikisikiliza. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamkemea, kisha ukumbi ukanyamaza mpaka Kinjeketile alipoletwa amefungwa kamba.

Kaniki nilizirudisha kesho yake. Bibi alizikagua zote mbili kwenye mwanga wa mlango kabla ya kuzikunja.